Kidole Changu cha Zambarau

Wanakuja, Skola! Shangazi yake Ambokile amekubali, kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha sebuleni!

Mwanangu mpendwa, sasa ndiyo nikusalimu. Sisi wazima, baridi ya huku unaijua.

Shangazi alitoka Mbeya juzi kuja kutukagua. Nikamwekea soda ya kopo, maana siku hizi maduka ya Sumbawanga yana kila kitu. Hakuigusa. Akasema, "Mama Skola, Krismasi mwanetu Ambokile alipomleta binti yako kwetu, tuliona vidole vyake vya zambarau. Ni ugonjwa gani? Tusipojua, posa hatuleti."

Nikacheka. Hata mimi, ulipofika hapa na mikono ile, si unakumbuka nilivyokukalisha uani nikakusugua kwa majivu na limao? Wewe unalia, "Mama niache, itatoka yenyewe, glovu ilipasuka kazini!" Mimi nasugua tu.

Basi nikamweleza. Skola wangu yuko maabara ya polisi, Dar es Salaam. Mwizi akishika karatasi, karatasi inakunywa jasho la kidole, macho hayaoni kitu. Skola anapaka dawa ya ninhidrini (jina hilo nimelifanyia mazoezi), inakutana na lile jasho, alama inatokea zambarau. Ikigusa ngozi ya mpakaji ni vilevile. Binti wa namna hiyo Rukwa nzima ni wangu tu, nikaongeza. Kama yupo mwingine, ajitokeze.

"Maneno tu hayo," akasema.

Nikaleta ile karatasi. Ulipokuwa unaondoka uliniambia niibonyeze kwa gumba tupu, bila wino, nikakuuliza, "Unamchezea mama yako?" Ukaondoka nayo nyeupe, ukairudisha kwa posta ina kidole changu. Nikaweka gumba pembeni yake. Kovu la mundu, lile la siku tulipovuna ulezi ukanifunga kwa kitambaa chako cha kichwa, limo, mstari mweupe katikati ya zambarau. Shangazi akavaa miwani, akalishika gumba langu akaligeuzageuza kama anachagua nyanya.

"Kumbe!" akasema. Akafungua soda. Kisha akaomba karatasi, akabonyeza gumba lake. "Anipake na mimi. Nitaichukua tukileta posa."

Imo humu ndani ya bahasha, ishike kwa pembeni. Na uvae glovu mbili mbili, unanisikia?

Nyumba kimya bila wewe, mwanangu. Jioni naitoa ile yangu naitazama. Kidole changu, kazi yako.

Njoo mapema unisaidie kupika. Wote tunawangoja Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Ni mimi, mama yako ninayejivuna