Mkono Wangu Mgongoni kwa Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko, na shemeji na watoto? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua, ingawa mimi ni hoi bin taabani.

Uliniuliza kama Mama anaweza kuendelea kuishi peke yake na zile ngazi zake, nikakujibu ndiyo. Nilikosea, Dada. Nisamehe.

Kazi yangu ya kliniki unaijua. Nawakalisha akina mama wazee kwenye stuli isiyo na egemeo, mikono kifuani, nawafunga mkanda wenye kipimo kiunoni. Wanainama mbele na kando, kisha wanajinyoosha. Kiwiliwili kikiyumba sana, mwenyewe yuko karibu kuanguka. Kuna mmoja kila akija huniuliza kama nampimia gauni au sanda.

Mama nilimpima mwenyewe mwezi uliopita, akawashinda hata wa umri wangu. Ndipo nikakuandikia kwa furaha.

Juzi nilimrudia, na mkuu wangu, yule tunayemwita Rula, alikuwapo. Akasema taratibu, “Hebu toa mkono.” Nikatazama, kumbe kiganja changu kiko mgongoni kwa Mama. Tangu ile homa yake nimezoea kumshika hivyo kila akiketi. Mara ya kwanza tulipimwa wawili.

Nikautoa. Mama akainama kulia, asiweze kurudi. Rula alimdaka begani.

Njiani Mama alisema neno moja tu: “Usimwandikie dada yako, utamtia wasiwasi.” Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Nimemhamishia kwangu. Usiku nipo, ila mchana nikiwa kazini hana wa kumshika. Nimechoka, na siku nyingine nakuonea hasira kwa kuwa mbali, kisha najionea aibu. Wanasema mkono mmoja haulei mwana. Mzazi naye haumwezi. Nakuomba uje, ukae hata miezi mitatu.

Msalimie sana shemeji, na yule binti somo wa Mama umbusu. Mungu akuzidishie afya, akufungulie njia ya kurudi.

Mwandiko uvumilie. Mama ameketi kando yangu kitandani, anadhani naandika ripoti ya kazi. Karatasi inateleza, na mkono wa pili siwezi kuutoa ulipo.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba