Asubuhi ya Wachimba Mchanga

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na watoto wameshapona kikohozi. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umegoma kutulia. Ningepiga simu, lakini simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu nayo, na haya nataka uyasome mwenyewe.

Uliniuliza kama bado najifunza kupiga picha za mandhari au nimeshachoka, kama nilivyochoka kushona. Sijachoka. Mwalimu wangu ni mama wa makamo aliyemaliza ujana wake akipiga picha za pasipoti. Husema alihamia pwani kwa sababu majabali hayahitaji kuambiwa yasicheke. Amenifundisha kusimamisha stendi ya kamera mahali pasipoteleza, kuungoja mwanga ushuke hadi kwenye maji, na kutolazimisha bahari yote iingie kwenye picha moja.

Jumamosi asubuhi tulikuwa juu ya mwamba, lori likaingia ufukweni chini yetu. Wanaume wakashuka na makoleo, wakaanza kupakia mchanga. Unajua uchimbaji ule ulipigwa marufuku tangu nyumba za ukingoni zianze kuporomoka. Nilimsihi Mwalimu tuondoke. Akasema amekuja kupiga picha ya ufuo, na aliye ufukweni atatokea pichani.

Walituona. Walipanda kwa njia ya nyuma, nyuso wamezifunga vitambaa. Mmoja aliipiga kamera teke ikachomoka ikaenda baharini, stendi ikabaki mwambani. Mwalimu alipomkamata shati, mwingine alimtandika koleo la uso. Dada, mlio ule bado ninao masikioni. Alianguka, wakampiga mateke ya mbavu huku wakimburuta kuelekea ukingoni, mawimbi yakipasuka chini. Nilisikia mtu anapiga mayowe nikadhani ni yeye, kumbe ni mimi.

Mwenye koleo akanigeukia. Akalishusha, akaniambia taratibu, "Shemeji, nenda nyumbani. Hujaona kitu."

Ndiyo, dada. Ni mume wako. Sauti ile nimekula nayo meza moja miaka yote.

Akanipa mgongo, akaliinua tena koleo juu ya Mwalimu. Nikaishika stendi kwa mikono miwili, nikampiga nayo begani kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa unakatika. Nikampiga tena akiwa ameshaanguka. Hilo la pili halikuwa la kumwokoa mtu. Lilikuwa la hasira tu. Wenzake walimbeba wakakimbia.

Ndilo bega uliloniambia unamkanda kwa maji ya moto, ambalo hataki kulipeleka hospitali. Alikwambia aliteleza kwenye lori. Hakuteleza.

Mwalimu amelazwa. Jicho la kulia halitaona tena. Polisi waliponiuliza kama nilimtambua yeyote, nilikuona wewe, nikawaona watoto wakimuulizia baba yao, mpaka askari akafunga kalamu yake. Ndipo nikamtaja. Nikaeleza na pigo langu la pili. Watakuja kumchukua.

Mama yetu, anayekuletea barua hii, anajua yote. Nimemwomba alale kwako, akusaidie na watoto. Wasalimie, wabusu kwa niaba yangu. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane mlangoni kwangu. Nitakufungulia.

Ni mimi mdogo wako,
unayemwita Kitindamimba