Ile K Uliyoiandika Kwenye Springi

Fundi Athumani,

Salamu zitakuja mwishoni, nikishatulia. Kwanza nikugombeze.

Ni mtu gani mwenye akili timamu anaandika K kwenye springi ya gari halafu anakufa? Kulia inaanza na K. Kushoto nayo inaanza na K! Miaka yote tuliyofanya kazi kwenye gereji ya baba, yaani bosi wetu Msaudi, hapa Riyadh ulinifokea kwamba sisomi maagizo. Haya, nimesoma. Herufi moja.

Tangu tukuzike, lile gari kuukuu la Kimarekani, aliloliacha marehemu baba yake bosi, lilikaa juu ya stendi bila magurudumu ya mbele. Kila asubuhi baba alipita, akaitazama ile injini ya silinda nane, akatikisa kichwa. "Kioko, mama anataka kwenda Jeddah na gari hii. Ikimuumiza mgongo, halas, basi, nauza." Na wewe ndiye uliyemwahidi Hajja, mama yake, mbele ya watu, kwamba atafika kwao Balad, mji mkongwe wa Jeddah, na finjani ya kahawa mkononi bila kumwagika hata tone. Kuahidi ulijua. Kusema kwamba kifua kinakuuma hukujua. "Gesi tu," ukaniambia, ukaendelea kukaza nati. Hilo bado sijakusamehe.

Basi nikaachiwa mimi. Nilibadilisha bushi zote za mpira zilizokauka na kupasuka. Nikafunga shoki mpya za kuzuia mtikisiko. Nikatupa yale matairi magumu kama mbao. Zikabaki springi mbili za mbele ulizozichagua mwenyewe, moja ngumu kidogo, nyingine laini, na kwenye ile ngumu K yako ya rangi nyeupe. Nikasema hii ni kulia. Ngumu ni ya upande wa dereva, kwetu dereva hukaa kulia, na kichwa changu bado kiko Machakos. Nikafunga. Gari likainama kushoto kama mtu aliyebeba ndoo, na nilipolitoa barabarani kila kona lilitaka kunitupa nje. Nilirudi nimelowa jasho, nikakutukana, Fundi, kwa sauti. Mungu anisamehe.

Nikafungua tena. Nilipoifuta grisi ile springi laini, nikaona nayo ina herufi: H.

Nikakaa chini na kitambaa mkononi. H si kulia wala kushoto. H ni Hajja, ambaye hawezi kujikunja kuingia nyuma kwenye gari la milango miwili, kwa hiyo lazima akae mbele. Yule ni mwepesi, mifupa mitupu, springi laini ni yake. Na K... Fundi, hukuwahi kunipa hata ufunguo wa gari lile. "Wewe utaosha, mimi nitaendesha," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Kumbe ulishanipima kwa macho, na huu mwili wangu wa ugali, ukanichagulia springi yangu. Ulijua nani ataendesha. Ukashindwa kuniambia tu!

Nililia palepale chini ya gari, sitaficha.

K nikaifunga kushoto, kwa dereva wa huku. Kisha nikafanya ulivyonifundisha: "Bonyeza boneti, achia, hesabu." Lilipanda mara moja, likatulia.

Ijumaa tukaenda. Baba alikaa nyuma amekunja miguu, akilalamika njia nzima. Hajja mbele, na finjani yake. Kwenye kona za mlima wa Taif usukani ulitii, na gari halikuyumba. Tulipofika Balad, mbele ya nyumba ya wazazi wake, alishuka taratibu, akanyoosha nguo yake nione. Kavu kabisa. Akataja jina lako, si langu. Nilikasirika kidogo, halafu nikaona ni sawa.

Gari haliuzwi, Fundi. Hizo ndizo salamu nilizokuwekea. Pumzika sasa, na wala usinisimamie kutoka huko.

Herufi zako sijazifuta. Nimeziongezea tu: H imekuwa Hajja, K imekuwa Kioko, ili atakayefungua springi hizo siku nyingine asitukane marehemu bure. Na mimi kifua kikinibana, nakuahidi, nitasema siku hiyohiyo.

Dereva wako mzito,
Kioko