Mama Analala Garini

Mbinga,
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua hakikusumbui. Sisi hapa tu salama. Victor anakuamkia, watoto wanakuamkia, na yule mdogo ana jino jipya na hasira mpya.

Mama, simu yako haipatikani tangu uondoke Matiri. Nilipita kwako baada ya misa nikakuta mlango umefungwa na kibanda cha gari ni kitupu. Jirani akasema umeondoka na Haisi ya baba, tena unaendesha mwenyewe. Nikamwambia haiwezekani. Kumbe inawezekana. Hyasinti, kondakta wa basi la Mbamba Bay, amekuona kwenye kambi ya magari ya Anjela, ile wanakolala Wazungu na watu wa Dar, unaanika nguo.

Baba mdogo Stephano amekasirika. Anasema kikao cha ukoo baada ya arobaini ya baba kilishaamua gari likae kwake na wewe uhamie kwangu. Chumba cha nyuma tumeshakipiga rangi, mama. Kitanda kipo, neti ipo. Najiuliza tumekukosea nini mpaka ukalale kwenye gari kama mtu asiye na watoto.

Nampa Hyasinti barua hii. Nijibu kupitia kwake, au njoo naye.

Mwanao,
Winnie


Mbamba Bay,
14 Juni 2024

Mwanangu Winnie,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima, kifua kimetulia, nakula na ninalala. Mpe pole mdogo kwa jino lake. Simu nimeizima mwenyewe. Kila ikilia ni amri, na amri inayokuja kabla ya salamu siipokei. Barua angalau inaanza na shikamoo.

Hamjanikosea. Chumba chenu nilikiona, ni kizuri. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nakitaka. Walikaa kikao sebuleni kwangu, mimi nikiwa jikoni nawapikia, wakatoka na majibu ya maisha yangu. Gari hilo tulilinunua mimi na baba yako kwa kahawa niliyoichuma kwa mikono hii, na kadi ina jina langu. Leopold alinifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa mpira pale Matiri, watu wakitucheka. Alikuwa akisema tukizeeka tutashuka ziwani, tuegeshe mahali tukae tu. Yeye hakuwahi kuzeeka. Mimi nimezeeka, nimeshuka.

Viti vya nyuma nimevitoa, nimeweka godoro, sanduku la nguo na jiko la gesi. Nimetundika pazia. Pananitosha.

Sasa nikusimulie majirani. Kulia kwangu wapo Bwana Henk na mkewe Marga, wazee wa Uholanzi. Lori lao lina kitanda, jiko na choo humo humo. Marga anajua Kiswahili cha sokoni. Kushoto wapo mume na mke vijana wa Dar wenye hema juu ya paa la gari, wanapanda ngazi kwenda kulala kama kuku. Asubuhi ya kwanza nilijifunga kitenge changu cha kanisani nikapita kupiga hodi kila gari. Wale vijana walitoka mbio, wakadhani kuna jambo limetokea. Marga akaniletea mkate, maana alidhani naomba. Nikaupokea, nikamrudishia sahani ikiwa na mihogo. Yeye aliporudi kunishukuru alisimama mbali kama mdaiwa mpaka nikamwita.

Baadaye Anjela akanieleza. Huku eneo la mtu linaanzia kwenye gari lake mpaka kamba ya hema inapoishia. Hupiti hapo bila kukaribishwa, hata kama unakwenda bombani na ndoo kichwani. Husemeshi mtu aliyefumba macho kwenye kiti. Kukaa kimya ndiyo heshima yao. Nilicheka sana. Watu wanalala ubavu kwa ubavu wiki nzima, hawajui kama mwenzao kaamka mzima au kaamka na homa.

Mimi naendelea kusalimia. Na sirudi, Winnie. Sina sababu kubwa zaidi ya kwamba sitaki.

Mama yako


Mbinga,
23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Natumaini na wewe.

Mama, "sitaki" si sababu. Kwenye jumuiya Alhamisi, kabla hatujamaliza sala, Mama Tadea aliniuliza mbele ya watu wote, "Winnie, ni kweli mama yako analala kwenye gari?" Nikasema umekwenda kutembea tu, utarudi. Rozari mkononi, nikadanganya. Niliporudi nyumbani nililia, Victor akadhani kuna msiba.

Na kahawa inaiva Matiri. Nani ataichuma? Au nayo huitaki?

Baba mdogo anasema mjane anayehama kwake bila kuaga anawafungulia watu midomo. Sikubaliani naye kwa kila kitu, lakini midomo imefunguka kweli, na wanaoisikia ni sisi tuliobaki huku.

Mwanao,
Winnie


Mbamba Bay,
2 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia mko wazima. Mimi pia, ila upepo wa mwera unavuma siku hizi, ziwa limechafuka na mchanga unaingia mpaka kwenye ugali.

Kahawa nimeshapatana na kina mama wa Mkumbi, wale wanaonichumia kila mwaka. Nitapanda kuikagua na nitashuka tena. Huko kwenye jumuiya usidanganye kwa ajili yangu. Sikukutuma.

Hapa pia nimepata vita. Wiki iliyopita uliingia msafara wa magari kutoka Dar, yamejazwa matenti, majokofu na viti vya kukunja. Mkubwa wao anaitwa Romanus, mtu wa Songea aliyekulia mjini. Wanataka mstari wa mbele wote, karibu na maji, wakae pamoja. Katikati ya mstari huo niko mimi. Siku ya pili wakaanza malalamiko. Dagaa wangu wa ziwani, usipa ninaoanika kwenye kichanja, wananuka. Wimbo wangu wa asubuhi unawaamsha. Na kwa sababu ya wanawake wa Kinyasa wa kijijini wanaokuja kuniamkia na kukaa nami, wanasema kambi imekuwa soko.

Anjela akatuita kwenye banda la kupikia. Romanus alisema vizuri tu, sikatai. "Mama, kila mahali pana taratibu zake. Sisi tumekuja kupumzika."

Nikamwambia, "Hata mimi."

"Basi ungesogea kule nyuma, karibu na vyoo. Kule utaimba, utaanika, hakuna atakayekusumbua."

Winnie, niliposikia neno nyuma, damu ilinichemka. Nikasimama. Nikawaambia harufu ya usipa ni kweli ipo, nitahamisha kichanja upande unakoelekea upepo. Wimbo nitaimba chini chini, Mungu si kiziwi. Lakini wageni wangu watakuja, maana mtu asiyetembelewa ni mfungwa. Salamu sitaacha. Na pale nilipoegesha sitoki, nilifika kabla yao na ninalipia kama wao. Nikamuuliza Anjela kama ananifukuza. Anjela akainama, akasema hapana, anaomba tu.

"Basi umeshaomba," nikamwambia.

Romanus hakuridhika. Jioni ile alileta gari lake akaliegesha mbele yangu, kati yangu na ziwa. Sasa nikifungua mlango naona tairi. Sikugombana naye. Kila asubuhi naenda kupiga hodi pale kwenye hema lake. Namuuliza amelalaje, ameamkaje, mama yake hajambo, wanawe hawajambo, huko kazini wanaendeleaje. Simwachi mpaka anijibu moja moja. Jana amesogeza gari.

Mama yako


Mbinga,
10 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Hyasinti anasubiri.

Baba mdogo anakuja huko Jumamosi. Amepata dereva, na ile funguo ya akiba anayo tangu msiba. Anasema atarudi na gari, na wewe ukitaka utapanda, usipotaka utabaki mchangani. Nilimsihi asubiri, akaniuliza tangu lini mtoto wa kike anasimamisha mambo ya ukoo.

Nakuomba mama, panda huku mwenyewe kabla ya Jumamosi. Si kwa ajili yake. Sitaki uaibishwe mbele ya watu wasiokujua.

Mwanao,
Winnie


Mbinga,
17 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Jumamosi imepita na sijapata neno lako. Baba mdogo amerudi na yule dereva kwa basi, bila gari. Nimemuuliza habari zako akasema nikuulize mwenyewe. Hyasinti siku mbili hizi hayupo njiani, barua hii nampa dereva wa basi jingine. Sili vizuri. Niandikie hata mstari mmoja.

Winnie


Mbamba Bay,
19 Julai 2024

Mwanangu Winnie,

Marahaba, na pole sana. Mimi ni mzima. Barua yako ya kunionya ilinifikia mapema. Sikujibu kwa sababu ningejibu ningekuambia naogopa, na wewe ungekuja kunichukua.

Stephano alifika mchana. Nilikuwa nachambua mchele kwenye mkeka. Hakupiga hodi. Alipita katikati ya kamba zangu za nguo akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, yule kijana wake nyuma. Nilitaka kusimama, ungo ukiwa bado mapajani.

Aliyesimama ni Marga. Alikuwa amelala kwenye kiti chake, kitabu usoni. Akasema kwa kile Kiswahili chake, "Bwana, hapo ni kwa Serafina. Serafina amesema karibu?"

Stephano akamwambia haya ni mambo ya familia. Marga hakumwelewa au hakutaka kumwelewa, akarudia vile vile. Henk akashuka kwenye lori akaja kusimama naye. Wale vijana wa Dar wakashuka kwenye ngazi yao. Kisha nikamwona Romanus anakuja, taulo shingoni, nikajua sasa nimekwisha, huyu atawasaidia hata kusukuma gari.

Romanus akasema, "Mzee, umeingia kwenye eneo la mtu."

"Gari hili ni la marehemu kaka yangu."

"Sijauliza gari ni la nani. Nauliza kama umekaribishwa."

"Wewe ni nani yake?"

"Jirani yake. Hatuelewani hata kidogo. Lakini huku hakuna anayeingia kwa mtu hivyo. Rudi pale nje ya kamba, uombe."

Stephano alinigeukia. "Shemeji, waambie hawa."

Hapo nikaweka ungo chini. Nikamwambia, "Stephano, hujanisalimia."

Watu wote wakamtazama. Funguo anayo mkononi, jasho linamtoka. Mwishowe akatoka nje ya kamba, yule dereva akamfuata, akasema, "Hodi, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu ndani."

Nikawatandikia mkeka. Nikapika, wakala. Nikamwambia polepole, wala si kwa hasira, kwamba gari haliondoki. Kadi ni yangu na mimi ni wangu. Ukoo ukitaka kikao, unijulishe siku nije nikae kwenye kiti kama wengine. Akasema nimebadilika. Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza amenisikia. Funguo hakunipa na sikumwomba. Juzi nimemleta fundi, amebadilisha vitasa.

Ule ukimya wao bado siupendi, Winnie. Mtu anaweza kufa humo ndani wakadhani amepumzika. Lakini siku ile niliona wanaulinda kwa ajili gani, na waliulinda kwa ajili yangu pia. Usidhani tumekuwa marafiki. Asubuhi yake Romanus alikuja kuniambia usipa bado unanuka. Alipiga hodi kwanza. Nikamwambia nimesikia, nikasogeza kichanja kidogo.

Mwezi ujao nataka niendeshe mpaka Lituhi nikaone kulivyo. Nitakuandikia kutoka huko.

Mama yako


Mbinga,
28 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Nimesoma barua yako mara nyingi, nikamsomea na Victor, akacheka mpaka akatoka nje.

Baba mdogo alikuja Jumatano. Anataka ukoo ukae tena, hapa kwangu, wazungumzie shamba na nyumba ya Matiri. Nilimwekea chai. Nikamwambia hapa kwangu hakitakaa kikao chochote kuhusu mama ambacho mama hayupo. Akaniuliza kama nimelaaniwa. Nikamwongezea chai. Nyingine niliimwaga kwenye sahani, mama, lakini neno langu sikulirudisha. Aliondoka bila kuaga.

Chumba cha nyuma nimewapa watoto. Ukija kututembelea utalala popote utakapotaka, hata uani kwenye gari lako. Lituhi wanasema barabara ina mashimo, nenda polepole.

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwangu. Watu walikuwa wengi, mpaka wengine walikaa barazani. Tulipomaliza sala nikawa nawagawia viazi na chai, Mama Tadea akaniuliza tena kwa sauti ile ile, "Winnie, mama bado analala kwenye gari?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Analala kwenye gari."

Nikaendelea kugawa viazi.

Mwanao,
Winnie