Hukumtuma, Mwanapili

Mwaka umetimia, dada Mwanapili, tangu wanaume walipokubeba kutoka nyumbani kwako Diani baada ya sala ya adhuhuri, na sisi wanawake tukabaki uani tukiutazama mkeka wako.

Watu wa ukoo wamenitaka mimi, mdogo wako Biasha, niandike gazetini kwa niaba yao, ingawa wanaujua ulimi wangu. Mumeo Abdurahman ameniomba niandike kwa upole. Nitajaribu. Lakini nina hasira, na wewe hukupenda mtu akae na jambo moyoni likimla, kwa hiyo wasomaji watuwie radhi.

Tunakukumbuka ukishona makuti huku unaimba kwa sauti mbaya. Tunakumbuka kahawa yako ya tangawizi, isiyotiwa sukari, na jinsi ulivyomwita adui yeyote aliyethubutu kuitia. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ulipokasirika ulifagia, nasi tulipousikia ufagio alfajiri tulijua leo kuna mtu kakuudhi, tukaombeana heri.

Watu walikuja kwako kutoka Tiwi mpaka Majoreni, na wengine kutoka bara kwenye mifugo, wakubwa na watoto. Walikuita mganga, ukawakatalia. "Mimi sina dawa, mwanangu," ulisema. "Nina ua huu, na nina watu wa kucheza." Ulipokuwa msichana ulifuatana na bibi kwenye ngoma za pepo. Wenzako walitazama pepo, wewe ulimtazama mgonjwa. Uliniambia kwamba mgonjwa alianza kupata nafuu pale alipoona watu wote wameacha shughuli zao kwa ajili ya jambo lake. Basi ngoma ukaiacha na watu ukawachukua.

Ulikuwa na namna yako ya kufanya kazi. Aliyefikwa na msiba hakuucheza mwenyewe. Aliketi kwenye mkeka, akatutazama sisi tukimcheza yeye, tukiigiza yaliyompata, na tulipokosea alisema "Sivyo!" nasi tukarudi mwanzo. Mtu aliyekuja hawezi kutamka neno moja la yaliyompata, aliweza kutusahihisha. "Sivyo, hakusimama pale." "Sivyo, mlango ulikuwa wazi." Kidogo kidogo akawa yeye ndiye anayetuongoza. Siku aliyotazama mpaka mwisho bila kusema sivyo, ulimtilia kahawa ukamwambia aende nyumbani akalale.

Watoto uliwapa udongo wa mfinyanzi. Mmoja alijenga nyumba isiyo na mlango, kila akija nyumba haina mlango, na wewe hukumwuliza. Ulimjengea mtu mdogo wa udongo, ukamweka nje ya ile nyumba, ukamwachia. Siku moja mtoto alichukua kijiti akatoboa ukutani, mtu akaingia. Ulikuja kunieleza ukiwa unalia na kucheka pamoja.

Sharti lako lilikuwa moja. Kilichochezwa uani hakichezwi pengine, hakisimuliwi, hakichekewi. Uliwaapisha wote waliocheza nawe, na mimi uliniapisha mara mbili kwa sababu ya ulimi wangu.

Mzee Dzombo wa Galu ametupa ruhusa tuliandike jina lake. Nilipomwuliza tuseme nini juu yake, alisema, "Andika kwamba nilirudi kutoka Burma, na vita vikarudi nami. Mengine waachie." Basi mengine naachia. Nitasema tu kwamba alikaa na vita hivyo miaka kumi, kwamba mkewe alimleta kwako amemshika mkono kama anayemwongoza kipofu, na kwamba baada ya miezi mingi ya "Sivyo!" mke huyo alikuja peke yake na kikapu cha maembe, akasema mumewe sasa analala kitandani kama watu wengine. Hukuwahi kufurahi vile tangu tukujue.

Aliyemcheza Dzombo alikuwa Kibwana, mtoto wa marehemu kaka yetu. Ulimchukua akiwa hajaacha ziwa la mamaye, ukamlea, ukamfundisha. Tuseme kweli, Mungu alimpa kipaji. Akiigiza mzee, unamwona mzee. Ulimpenda kuliko ulivyotupenda sisi, na sisi tulilijua hilo na hatukukuonea wivu, maana nasi tulimpenda.

Yakaja maonyesho ya wakulima kule Kwale, mwaka juzi. Kulikuwa na mbuzi wa kushindanishwa, mihogo mikubwa, tarumbeta, wageni wamekaa kivulini. Mbele kabisa waliketishwa wazee waliopigana vitani, wamevaa nishani zao, na Dzombo alikuwa mmoja wao. Ndipo Kibwana akapanda jukwaani kuchekesha watu. Alimcheza askari mwoga. Alikuwa amechukua kila kitu uani kwako, mwendo, maneno, hata kile kilio ambacho Dzombo alichukua muda mrefu mpaka akatuambia kilisikika vipi. Watu walicheka mpaka wakaanguka. Waliokuwapo walikiona, sina haja ya kukirudia, na nawaomba nao wasikirudie.

Na kabla hajaanza, Kibwana alitangaza kwa sauti, "Haya nimefundishwa na shangazi yangu, Mwanapili wa Diani, na kwa idhini yake nawachezea."

Kwa idhini yako! Wewe siku hiyo ulikuwa nyumbani unashona makuti. Hukujua hata kama amekwenda Kwale.

Alirudi jioni na zawadi aliyopewa, taa ya karabai mpya inayong'aa. Aliileta kwako, dada. Aliitundika uani kwa mkono wake, akasema, "Shangazi, leo jina lako limesikika Kwale nzima." Nilikuwapo. Aliamini kabisa kwamba amekuletea heshima. Kwake mchezo ni mchezo, ukiwa mzuri uani utakuwa mzuri jukwaani. Ulimwuliza jambo moja tu: "Dzombo alikuwako?" Akasema, "Alikuwako, lakini aliondoka mapema." Alfajiri tulisikia ufagio.

Dzombo aliamini kwamba wewe ndiye uliyemwuza. Angeaminije vinginevyo? Alisikia kwa masikio yake. Ulikwenda kwake Galu kwa miguu, ukaketi kibarazani, mlango haukufunguliwa. Ukaenda tena, na tena. Mkewe alikutolea maji ya kunywa bila kukutazama usoni. Wengine waliokuwa wakija kwako wakasikia, wakaogopa, kila mmoja akijiuliza lini atajiona yeye jukwaani. Ua ukabaki mtupu. Yule mtoto wa nyumba ya udongo naye hakuletwa tena, na sijui leo mlango wake umefunguka au umezibwa.

Sisi tulitaka kumwendea Dzombo tumwambie ukweli. Ulitukataza. Ulimwita Kibwana ukamwambia, "Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye utakayekwenda kusema." Akajibu, "Nitakwenda kesho, shangazi." Kesho ikawa baada ya mavuno, baada ya mavuno ikawa baada ya Ramadhani, kisha akapata kundi la wachekeshaji Mombasa akaenda zake. Nikakuambia, mwache, niende mimi. Ukasema, "Biasha, akisemewa hatapona." Hata wakati ule, baada ya yote aliyokufanyia, ulimhesabu yeye kuwa ndiye mgonjwa.

Mimi sikuwa na moyo huo na sitajifanya ninao. Homa ilipokushika kifuani ulikuwa ukiuliza kila mlango ulipogongwa, "Dzombo kaja?" Tulikuambia, bado. Hukuuliza habari za Kibwana, na sisi hatukukutajia kwamba tumempelekea habari na hajafika. Alifika siku ya tatu ya matanga, amevaa koti, akalia kuliko wote. Tulishindwa kujua, dada, kama analia au anacheza. Hilo ndilo alilotuibia, na ndilo linaloniuma hadi leo. Karabai ipo bado pale alipoitundika. Hukuiwasha hata siku moja, nasi hatujaiwasha.

Tuliitii amri yako mwaka mzima. Mwezi uliopita, tulipoanza kutayarisha hitma yako, niliivunja. Nilikwenda Galu na Abdurahman, na safari hii mlango ulifunguliwa. Nilimsimulia Dzombo habari yote, ya taa na ya kesho, kisha nikamwambia neno moja, ambalo leo nalisema pia kwa wote watakaosoma, wa Tiwi, wa Msambweni, wa Majoreni, na wa bara: hukumtuma Kibwana. Hukumpa idhini. Uliibiwa kama yeye alivyoibiwa, ukakubali jina lako lichafuke ili kijana wako apate nafasi ya kulisafisha mwenyewe.

Dzombo aliweka viganja magotini. Mkewe alianza kulia jikoni. Kisha Dzombo akauliza, "Aliketi pale kibarazani mara ngapi?"

"Mpaka miguu ilipomkataa," Abdurahman akamjibu.

"Na huyo kijana atakuja hitmani?"

"Ametuma neno kwamba atakuja," nikasema. "Anataka asimame mbele ya watu aeleze mwenyewe."

"Sivyo," akasema Dzombo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo tangu ulipotutoka. "Sivyo alivyotufundisha Mwanapili. Mwenye jambo hachezi. Mwenye jambo huketi akatazama. Mtandikieni mkeka uani, na mlango wa nje ufungwe, abaki anayehusika tu." Akanyanyuka, akanyoosha mgongo kama askari. "Mimi ndiye nitakayemcheza yeye. Nitaondoka uani kama yeye kwenda Kwale, nitarudi kama yeye na taa yake, nitasema kama yeye, kesho, kesho. Nikikosea, aniambie sivyo."

Hitma itasomwa nyumbani kwako Diani siku ya Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, na kila aliyekupenda anakaribishwa. Wakishaondoka wageni tutafunga mlango. Yatakayochezwa humo hayataandikwa gazetini.

Wanaokukumbuka ni mumeo Abdurahman, binti yako Mwanasha na wanawe, mdogo wako Biasha, mashemeji zako wa Tiwi, na pamoja nasi, kwa ombi lake mwenyewe, Mzee Dzombo na mkewe. Jina la Kibwana hatukuliandika miongoni mwetu. Mkeka wake tumeutandika, palepale ulipowaketisha wengine.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, dada. Kukusahau hatutaweza, na wala hatutajaribu.