Mtu wa Miguu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe pamoja na wifi yangu, na huyo bosi mdogo ninayesikia ameshaanza kutembea na kuvunja vyombo. Afya zenu zikoje? Lile jino lililokuwa likikusumbua umeling'oa, au bado unaogopa koleo? Sisi huku wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua pakiwa na baridi, lakini mdomo wake haujambo kabisa. Baba naye yupo, na habari zake zitafuata, kwa hiyo usiikunje barua sasa hivi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali simu ninayo. Kaka, tuseme ukweli. Kila nikikupigia na kumtaja Baba, mtandao wako unakatika ghafla. Karatasi haina mtandao. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, kama ulivyonisikiliza utotoni tulipolala chumba kimoja, ukachoka, ukanibandika jina la Redio.

Haya, kaa chini: nimefaulu! Alhamisi iliyopita nimeitetea tasnifu yangu ya uzamivu, nikatoka chumba cha watahini nikiwa daktari wa uhusiano wa kimataifa na diplomasia. Nimecheka, nimelia, nimerukaruka mpaka kisigino cha kiatu kimeng'oka. Mama ametangaza mtaa mzima, na jirani wa nyumba ya pili ameshakuja kuniomba dawa ya mgongo. Nilipomweleza kwamba udaktari wangu ni wa mataifa yanayogombana, alifikiri kidogo akasema sawa, basi nimshauri juu ya mkwewe.

Hujawahi kuniuliza vizuri ninasoma nini miaka yote hii, nami sikulaumu, kwa sababu kila ukiuliza nilikuwa nakujibu kwa saa nzima. Leo nitakuambia kwa ufupi. Watu wanadhani wapatanishi wanahangaika na mambo makubwa tu, mipaka, mito, silaha. Kumbe kazi ngumu kuliko zote huwa kabla ya hayo: kuwafanya mahasimu wakubali kuingia chumba kimoja. Nani aingie kwanza? Nani akae upande wa mkubwa? Nimesoma kumbukumbu za wajumbe waliogombania umbo la meza kwa majuma, huku watu wao wakiendelea kufa. Nikaandika juu ya hiyo hatua ya kwanza, ambayo kila mmoja anataka mwenzake ndiye aipige.

Msimamizi wangu tunamwita Bwana Mkato, maana alama ya mkato ikikosekana ukurasa wa mia mbili, yeye huiona akiwa bado mlangoni. Asubuhi ile alinitazama kwa huruma, akaniambia nile kitu. Sikuweza hata chai. Mama alishindwa kuja kwa sababu ya ngazi za jengo lile, kwa hiyo Baba ndiye aliyenisindikiza. Alisema anaishia getini. Tulipofika getini akasema afadhali anifikishe mlangoni, asije mtu akanipotezea muda. Tulipofika mlangoni akaingia, akachukua kiti cha nyuma kabisa karibu na dirisha, akakitikisa kwanza kuona kama viungo vyake vimekaza, ndipo akakaa. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, na penseli ya karakana amesahau nyuma ya sikio. Sikuwa na moyo wa kumwambia aitoe. Nilipokuwa naogopa, niliitazama ile penseli.

Watahini walikuwa watatu. Wawili waliniuliza maswali niliyokuwa nimejiandaa nayo, nikayajibu kwa mbwembwe. Wa tatu alikuwa mtahini wa nje, mama mmoja balozi mstaafu, mpole wa sauti, na watu wapole wa sauti ndio wa kuogopwa. Aliniambia kwamba mtu wa kawaida akiisoma kazi yangu atasema hawa wajumbe ni watoto wanaogombania viti. Nikamjibu kwamba kiti si kiti. Anayekubali kukaa pembeni anaona amekiri kosa kabla hajafungua mdomo. Akatikisa kichwa. Kisha akaivua miwani na kuniuliza swali ambalo halikuwemo katika maandalizi yangu yote: swali hili la hatua ya kwanza nililipata wapi hasa?

Kaka, jibu la kisomi nilikuwa nalo. Lilikuwa na majina ya wanazuoni, tena kwa mpangilio. Nilifungua mdomo nilitamke, na kilichotoka ni kwamba nililipata nyumbani.

Ndiyo, nilisema. Mbele ya watahini, mbele ya Bwana Mkato, mbele ya Baba na penseli yake. Nilisema kwamba ninao watu wawili niwapendao kuliko nafsi yangu, waliokuwa wakifanya kazi karakana moja. Mkubwa akitengeneza uso wa meza, mdogo akiichonga miguu yake kwa mashine ya kukereza, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Siku moja mdogo alitaka kuleta makabati ya mbao za kiwandani, mkubwa akayaita maboksi. Mdogo akasema mbele ya wateja kwamba zama za mkubwa zimepita. Mkubwa akamwonyesha mlango. Tangu siku hiyo mmoja anasema aliyetoka ndiye arudi, na mwingine anasema aliyefukuza ndiye aite. Nikawaambia kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna mjukuu ambaye babu yake hajawahi kumbeba, na kwamba sijaona katika vitabu vyangu vyote mkwamo mgumu kuliko huo.

Yule balozi akavaa tena miwani yake, akasema hana swali lingine. Wakatutoa nje kidogo, na tulipoitwa tena ndani walinipongeza, nikapewa masahihisho madogo tu, na Bwana Mkato akanikumbatia bila kukosoa chochote, jambo ambalo wanafunzi wenzangu wanasema halijawahi kutokea.

Lakini Baba! Njia nzima alitembea mbele yangu, mikono nyuma. Nikajua nimeharibu. Nilimwanika mzee wa watu hadharani siku ambayo alivaa koti. Karibu na kona ya kwetu ndipo alipokohoa na kuniuliza ile meza waliyogombania wale wajumbe, mwishowe ilikuwaje. Nikamwambia walitengenezewa ya duara, ili pasiwe na upande wa mkubwa. Akatembea kidogo. Akauliza ilikuwa ya mbao gani. Nikamwambia vitabu havisemi. Akaguna, akasema basi hao walioandika hawajui kilicho muhimu.

Na mlango je, akauliza, nani aliingia kwanza? Nikamweleza kwamba wakati mwingine huandaliwa chumba chenye milango miwili, kila upande ukasimama nje ya mlango wake, ikatolewa ishara, wakaingia pamoja kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemfuata mwenzake, hakuna aliyemngoja. Baba akasema huo ni utoto. Halafu akasema karakana ina milango miwili.

Kaka, nilitaka kupiga vigelegele pale pale barabarani, lakini mwanadiplomasia hapigi vigelegele mazungumzo yakiendelea. Nikauma ulimi. Wewe unajua ninavyoteseka nikiuma ulimi.

Kesho yake nilienda karakana na chai. Mlango wa nyuma, ule wa kuingizia mbao, ambao tangu mvua zilizopita umevimba na haufunguki, nilikuta ameushusha na kuulaza juu ya meza ya kazi, anaupiga randa. Nikaiweka chai pembeni. Ukutani ameegemeza ubao mpana, ameukata duara, ameupiga msasa mpaka unateleza kama sabuni. Baba yetu, ambaye maisha yake yote hajatengeneza meza isiyo na pembe nne! Nikamuuliza ni ya nani, akasema ni ya chakula, ya nyumbani, ya siku ya mahafali yangu. Ya watu wangapi? Sita. Kaka, nyumbani tuko watatu. Wewe hesabu waliobaki, nami sitasema zaidi.

Ila uso ule umeegemea pale ukutani bila miguu. Na hapa ndipo nifikie lile lililonifanya niache masahihisho yangu yote nikuandikie.

Nikiwa bado pale, aliingia mteja, yule mwenye duka la vitambaa. Aliulizia meza yenye miguu ya kukereza, kama ile aliyomnunulia mamaye. Baba hakuinua kichwa. Alimwambia mtu wa miguu leo hayupo. Mteja akacheka, akanigeukia, akasema kila mwaka anakuja na kila mwaka anaambiwa hivyo hivyo, mtu wa miguu leo hayupo. Akataka kujua mtu huyu anaumwa nini asiyepona.

Sikuweza kucheka naye. Ile mashine yako ya kukereza iko pembeni pale pale ulipoiacha, imefunikwa turubai, na juu ya turubai hakuna vumbi. Baba anajua kukereza, Kaka. Ndiye aliyekufundisha. Angeweza kuweka mtu mwingine, na amepoteza wateja wengi kwa kukataa. Hakuwahi kuwaambia kwamba umeacha kazi. Hakuwahi kuwaambia kwamba una karakana yako, ingawa anajua hata rangi ya mlango wake. Miaka yote hii anawaambia leo hayupo, kama mtu aliyekwenda kununua misumari.

Basi hili ndilo ninalokuletea. Jumamosi ijayo, asubuhi, Baba atakuwa amesimama uani, nje ya mlango wa nyuma. Ukipenda, wewe usimame barabarani nje ya mlango wa mbele. Mimi nitakuwa ndani, peke yangu. Nitaupiga ule ubao wa duara kwa kiganja, na mtaingia nyote wawili. Hutakuwa umerudi, naye hatakuwa amekuita. Baba hakunituma, na ukimuuliza atakana, naye atakuwa anasema kweli, kwa sababu alichosema tu ni kwamba Jumamosi anataka mlango wa nyuma uwe unafunguka vizuri.

Usiandae maneno. Wale wajumbe niliowasoma, waliokuja na hotuba ndio walioharibu. Njoo na patasi zako za kukereza tu. Miguu minne, Kaka. Ndiyo kazi yako, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Mahafali ni mwisho wa mwezi, na juma linalofuata naanza kazi katika ofisi ya wapatanishi, mbali na hapa. Ndiyo, wamenichukua! Nitakwenda kukaa kati ya watu wanaorushiana risasi na kuwaambia wasogeze viti. Nitawaangaliaje usoni kama nyumbani kwetu nimeacha meza haina miguu? Naogopa, Kaka. Furaha niliyonayo wiki hii ni kubwa, lakini nusu yake imesimama nje ya mlango wako inasubiri.

Mama anakusalimu sana, anasema njoo umebeba mtoto, maana Baba akimwona huyo hata mlango hatautafuta. Mwambie wifi yangu kwamba nimepokea kitambaa alichonitumia, nitakivaa siku hiyo hiyo. Mbusu bosi mdogo kwa niaba ya shangazi yake, na umfiche vyombo.

Mimi Jumamosi nitakuwa ndani ya karakana mapema. Mteja yeyote akija kuulizia miguu, nitamwambia asubiri kidogo.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Daktari Redio