Kila Saa Nane

Jumatano, 1996. Vumbi tangu asubuhi, na moyo hauna raha.

Leo nimeswali adhuhuri mara mbili. Ya kwanza sikujua hata nimesoma sura gani.

Mimi ndiye mkalimani wa zahanati yetu, nusu siku kutoka Takaba, na redio naishika mimi. Kila asubuhi saa tatu vituo vyote vya afya hukutana hewani. Madaktari huulizana kesi ngumu, na kila mtu huandika alichojifunza. Sista Kagendo, muuguzi wetu kutoka Meru, hakosi.

Jana nilikwenda kumpa pole Hooyo Shamsa; hooyo ni mama kwa Kisomali. Binti yake Deeqa, wa miaka miwili, alifariki Ijumaa kwa nimonia.

"Walaal, ndugu yangu, sikuruka hata siku moja," akaniambia. "Ikifika saa nane tu, nampa kijiko cha dawa."

Mara moja kwa siku.

Sista alisema kijiko kimoja kila saa nane, yaani mara tatu, usiku na mchana. Mimi nikamwambia mama kwa Kisomali: kila siku, saa nane. Nikaona kazi imekwisha.

Leo redioni daktari mkuu alianza na mzaha wake. "Nyinyi wa huko Takaba, mko? Au ngamia amekula betri? Ova." Tukacheka.

Kisha Sista akaeleza kesi ya Deeqa. Siku tano za dawa, kila saa nane, mtoto hakupona.

"Basi hiyo dawa imeshindwa huko," daktari akasema. "Andikeni wote: kifua cha mtoto, msiitegemee tena. Ova."

"Daktari, sisi tuna hiyo tu," kituo kingine kikajibu. "Tutakuwa tunawatuma watoto mpaka Mandera. Ova."

Mpaka Mandera, kwa njia ile, mtoto anayekosa pumzi!

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Nikakiondoa.

Wallahi dawa haikushindwa. Nilishindwa mimi. Astaghfirullah.

Nimeamua. Kesho saa tatu, kabla ya kesi yoyote mpya, nitasema, hata kama Sista atanifukuza kwenye redio. Madaktari watafuta mstari mmoja daftarini, yaishe.

Lakini Hooyo Shamsa hana redio. Anasema ni kadari ya Mungu, na ameanza kula tena. Nikifika mlangoni kwake, nianze na neno lipi?